Vidonge Vilivyokaa kwa Mkwe

Wiki ya tatu baada ya kurudi kutoka Dar es Salaam niliamua kwamba mama mkwe wangu ananiibia vidonge. Ushahidi sikuwa nao. Lakini mimi ni Mpare, na watani zetu husema Mpare akipotelewa na mbuzi huuza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani. Mbuzi sikuwa naye, wala ng'ombe. Nilikuwa na kitanda kilichowekewa mbao chini ya godoro, mshono uliopanda kutoka kiunoni hadi katikati ya mgongo, na muda mwingi wa kuwafikiria watu vibaya.

Niliumia bandarini Mtwara. Kazi yangu ilikuwa kusimama gatini na kumpa mwendesha winchi ishara za mikono: pandisha, shusha, ngoja. Siku hiyo wavu wa mizigo ulikatika, na gunia la korosho likanipata nikiwa nimegeuka. Dar es Salaam wakanipasua, wakatoa vipande vya mfupa, wakanishona. Baada ya wiki nyingi za kulazwa, mke wangu alikuja kunichukua wakati wa likizo, tukarudi kwa meli, mimi nikiwa chali kwenye machela.

Kabla hatujaondoka daktari alimpa yeye, si mimi, chupa ya vidonge vyeupe na karatasi. Akamweleza kwamba vidonge vile ni vikali; vinatuliza maumivu, ila mwili huvizoea na kuanza kuvidai. Vipunguzwe kwa kufuata karatasi: kizima mara tatu kwa siku, kisha mara mbili, kisha nusu mara mbili, kisha nusu moja tu mchana, kisha basi. "Mgonjwa asivitunze mwenyewe," akasema. Halafu akanigeukia. "Baada ya miezi miwili daktari wa Mtwara atakupima. Akikuta bado unameza, hasaini urudi kazini. Mtu mwenye dawa kichwani hasimami chini ya winchi."

Kila kitu changu kilitegemea saini hiyo. Kazi nyingine sikuijua, na kurudi Upareni kulishwa na wadogo zangu, nikiwa na miaka thelathini na mmoja, niliona bora nife.

Mke wangu alikuwa mwalimu. Asubuhi alifundisha watoto, alasiri alifundisha kisomo cha watu wazima, na hakuwa nyumbani hadi jioni. Mtoto hatukuwa naye bado. Kwa hiyo mama yake akaiacha mihogo yake kijijini Ziwani, akaja kwetu Mtawanya na sanduku la mbao na kuku wanne, kuniuguza. Tatizo lilikuwa ukwe. Kwa namna alivyolelewa, mama mkwe haingii chumba cha mkwewe wala mkwe hakanyagi chumba chake; hawali pamoja, hawatazamani usoni, hawaitani majina. Heshima hiyo kwetu ipo pia, lakini kwake haikuwa na mlango wa nyuma.

Basi aliniuguza kupitia pazia. Aliweka kigoda mbele ya mlango wangu, juu yake sahani iliyofunikwa kawa, akakohoa mara mbili, akaondoka. Nilifunua nikakuta uji au ugali, na pembeni kisosi chenye kidonge. Akiwa na neno la kuniambia, aliwaambia kuku. "Weye kuku," nilimsikia uani, "ntu kaletewa uji, kauacha upoe, sasa anataka nini tena?" Nami nikanywa uji.

Nilianza kwa kuzishuku nusu zake. Alikata vidonge kwa kisu cha jikoni. Kila nusu iliyonifikia niliiweka kiganjani nikaikagua, na kila siku niliiona ndogo kuliko ya jana. Nikahamia kwenye karatasi. Alijifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo cha Ziwani, na nilimsikia akiisoma karatasi ya daktari silabi kwa silabi: nu-su, nu-su. Labda, nikawaza, anasoma nusu hata palipoandikwa kizima. Halafu nikamgeukia jirani. Kulikuwa na mama mmoja wa nyumba ya pili, aliyekuwa akichechemea tangu nirudi. Siku moja nikamwona dirishani anapita na ndoo kichwani, kanyooka, anacheka. Nikajua vidonge vyangu vimeingia kwenye mguu wa yule mama.

Jioni nilimweleza mke wangu. Akacheka mpaka akakaa chini. "Alikuwa na jipu," akasema, "limepasuka." Nikamshuku na yeye, kwa kuzijua mno habari za jipu.

Hata redio ya jirani haikupona. Ilipotangaza taarifa ya habari ya saa saba mchana, hiyo ndiyo ilikuwa saa ya kidonge changu, na kuanzia saa tano nilikuwa nimeshaamini kwamba redio inachelewa kwa makusudi. Kitu pekee nisichokishuku kilikuwa maumivu yenyewe. Hayo niliyaamini kama ndugu wa tumbo moja. Yaliamka saa tano, yakapanda kiunoni, yakashuka miguuni, na sikujiuliza hata mara moja maumivu ya mfupa yamejifunzia wapi kusoma saa.

Tulikuwa tumefika kwenye nusu moja ya mchana. Nilishaweza kusimama na kutembea kwa kushika ukuta. Asubuhi moja mke wangu alikwenda shuleni, na mama mkwe akatangazia kuku kwamba anakwenda duka la ushirika, sukari imefika, na foleni ni ndefu. Nikasikia kandambili zake zikienda. Nikangoja kidogo. Kisha nikatoka chumbani, nikavuka ukumbi, nikaingia chumba cha mama mkwe wangu.

Nimeandika sentensi hiyo mara tatu na kuifuta. Ilivyoandikwa inaonekana jambo jepesi. Mtu wa kwao angeisoma akafunga kitabu.

Sanduku lilikuwa chini ya dirisha. Nikapiga magoti, nikafungua, nikapekua nguo za mtu ambaye sikuwahi kumtazama usoni. Chini kabisa nikaipata chupa. Nikaitikisa. Ilikuwa tupu. Nikahisi ushindi, kweli nilifurahi, mwizi nimemkamata. Nikageuka haraka ili niinuke, na mgongo ukakaza. Nikaanguka ubavu kwenye sakafu ya saruji, chupa mkononi, na sikuweza kunyanyua hata kichwa.

Sijui nililala pale muda gani kabla kandambili hazijarudi. Zilifika mlangoni zikasimama. Niliona vidole vya miguu yake chini ya pazia, na yeye bila shaka aliona vya kwangu. Nilingoja apige kelele. Majirani wangenibeba kwa dakika moja. Lakini majirani wangeona wamenibeba kutoka wapi, na kufikia jioni Mtawanya nzima ingejua. Alikohoa mara mbili, kama kawaida. Kisha akageuka, akakaa kizingitini akinipa mgongo, akaanza kuchambua kisamvu.

"Weye kuku," akasema, "chupa ni tupu tangu nije. Vidonge ninavyo mimi, kwenye pindo la kanga. Nikienda kisimani ninavyo, nikilala ninavyo. Daktari kasema nngonjwa asivitunze. Nami nlijua siku moja kuku atapekua."

Kumbe tulikuwa tunashukiana tangu mwanzo, tofauti ni kwamba yeye alikuwa na sababu.

Mama wa jipu akapiga hodi uani, akitaka chumvi. Nilibana pumzi. Mama mkwe akamjibu bila kuinuka: "Chukua jikoni, mwanangu, mkwe kalala." Yule mama akachukua, akaaga, akaenda zake na miguu yake miwili mizima.

Redio ikatangaza saa saba. Nilijua anaisikia. Mwili wangu ulishaanza mambo yake: jasho la baridi, vinyweleo vimesimama, pua inatiririka, miguu haitulii. Na miayo. Ilinijia mfululizo, mmoja haujaisha mwingine unaanza, taya zinaniuma.

"Nipe," nikasema. Lilikuwa neno la kwanza nililowahi kumwambia moja kwa moja.

Hakugeuka. Nilisikia kanga ikifunguliwa pindo. "Nusu ya leo hii hapa," akawaambia kuku. "Ya kwake, simnyimi. Lakini aseme kwanza panapouma. Maana nasikia ntu anapiga miayo humu. Weye kuku, ushaona ngongo ukapiga miayo?"

Nilikasirika. Nikataka kumwonyesha. Nikapeleka mawazo yangu mgongoni, kwenye mshono, nikapapasa huko kwa akili kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Msuli ulikuwa umekaza, ndiyo, kwa kuanguka, na huo niliujua. Lakini yale mengine, yale ya saa tano, niliyoyaamini kuliko binadamu wote wa nyumba ile, sikuyakuta mahali popote. Yalikuwa kwenye taya, puani, kwenye ngozi. Yalikuwa kila mahali isipokuwa nilipopasuliwa.

"Si mgongo," nikauambia ukuta.

Akafunga pindo. Akaendelea na kisamvu chake. Nililala pale alasiri nzima. Mambo yale yalipanda, nikadhani nakufa, yakakaa, kisha yakaanza kushuka pole pole bila kidonge. Nilikuwa sijui kwamba yanaweza kushuka yenyewe. Kila yalipopanda tena, yeye aliwasimulia kuku habari za Ziwani: ngiri walioingia kwenye mihogo, mwalimu wa kisomo aliyempa chaki ajaribu ubaoni. Sauti yake haikupanda wala kuharakisha. Kufikia jua kupungua niliweza kujivuta hadi nikaegemea sanduku, lakini kusimama bado.

Hapo ndipo mke wangu aliporudi.

Alimwona mama yake kizingitini, akachungulia ndani, akaniona nimekaa katikati ya kanga za mama yake zilizotawanyika. Vitabu vikamtoka mkononi. "Huyu anafanya nini humu?"

Nilijua jibu. Lilikuwa fupi.

"Nlimwita mimi," akasema mama mkwe. "Nlitaka anisogezee sanduku."

Sikuwahi kumsikia mke wangu akimfokea mama yake, na sijamsikia tena. Alimwuliza kama amerukwa na akili, kumbebesha sanduku mtu aliyepasuliwa mgongo. Alimwuliza tangu lini mkwe anaitwa chumbani, na watu wakisikia wataficha wapi nyuso zao. Mama mkwe alikusanya majani ya kisamvu yaliyoanguka, moja moja. "Nimekosa," akasema.

Nilifungua mdomo niseme. Ukatoka mwayo. Ndivyo ilivyokuwa, lakini mwayo haudumu, na baada yake nilikuwa na jioni nzima ya kusema. Sikusema. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona maishani, na niliiacha aibu hiyo aibebe yeye, kwa sababu alikuwa ameshaishika.

Asubuhi aliondoka kurudi Ziwani na sanduku lake. Kuku aliwaacha. Karatasi na vidonge alimkabidhi mke wangu, ambaye alikaa mezani akahesabu. Kila kitu kilikwenda sawa na karatasi, ila kulikuwa na nusu moja zaidi.

"Unaona," akaniambia. "Hata kuhesabu hajui."

Siku zilizobaki za nusu nilizimaliza, za mwisho kwa robo, kwa kuomba mwenyewe. Miayo ilipokuja niliipokea kwa jina lake. Nilianza kutembea hadi njia ya Naliendele na kurudi. Miezi miwili ilipotimia nilikwenda kwa daktari wa Mtwara, mke wangu akinisindikiza. Daktari akanikunja, akanikunjua, akaniuliza nameza nini. Nikasema simezi kitu, siku ya kumi na moja leo. Akanitazama machoni kwa muda, akasaini.

"Wengi hushindwa hapo," akasema huku akinirudishia karatasi. "Nani alikusimamia dawa?"

"Mke wangu," nikasema.

Mke wangu akatazama chini, kwa furaha. Njiani kurudi alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa akilifanya barabarani. "Tungemwachia mama," akasema, "angekumaliza."

"Kweli," nikaitikia.