Mbalamwezi niliyounda kwa mikono yangu ilikuwa ikiwaka kwa nyumba ya mwanamke mwingine

Admin, weka hii lakini jina langu libaki kwako. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, mama wa wasichana wawili, naishi Uriri. Kazi yangu ni kutengeneza redio, simu na taa za sola. Hakuna mtu alinisomesha hii kazi. Nilianza na redio ya marehemu baba, nikaifungua mara kumi na moja mpaka ikaongea. Leo nina kibanda changu sokoni na wanaume wananiletea amplifaya zao.

Mume wangu ana boti mbili za omena, wale dagaa wa ziwani, kule Sindo. Kwa wale hamjui, omena huvuliwa gizani. Taa zinawekwa juu ya maji, samaki wanafuata mwanga, wavu unawazoa. Mbalamwezi ikiwa kali zile taa hazivuti kitu, kwa hivyo boti zinapumzika na wenye boti wanarudi kwao. Ndoa yetu imekuwa hivyo miaka tisa. Siku za giza ni za ziwa, siku za mbalamwezi ni zangu. Zilikuwa tisa au kumi kila mwezi. Mwaka huu zimekuwa tano. Nikiuliza, naambiwa injini, nyavu, mkutano.

Mwaka jana aliwaletea watoto fulu, wale samaki wadogo wa rangi wanaokaa kwenye mawe, tukanunua tangi la kioo likakaa sebuleni. Taa iliyokuja nalo ilikuwa kali sana, na ukiizima ni giza totoro, wasichana wanalia hawaoni samaki wao. Basi nikaunda mbalamwezi. Balbu tatu ndogo za bluu, adapta ya volti kumi na mbili niliyotoa kwa mashine ya intaneti iliyokufa. Zile balbu zinakula kama volti tisa na nusu, inayobaki nikaikaba na resista ya ohm elfu moja, kubwa kuliko inavyohitajika, ili mwanga uwe hafifu na samaki wapumzike. Nikazipachika kwa kipande cha bomba la maji, nikaziba kila kiungo na gundi. Nawaambia ukweli, siku za giza, yeye akiwa ziwani, niliiwasha pia kwa ajili yangu, nyumba isikae kama imefiwa.

Aliipenda. Akasema, "Mama Akinyi, niundie nyingine ya ofisi ya ufuo, tumeletewa tangi." Nikaiunda siku hiyo hiyo, na furaha juu.

Mwezi uliopita akairudisha. "Taa ya ofisi imekufa. Iangalie ukipata nafasi." Nikaifungua. Waya mmoja ulikuwa umeng'oka, mtu akajaribu kuuunga, halafu akafunika ile sehemu na rangi ya kucha. Nyekundu, yenye vimetameta. Ofisi hiyo naijua. Ina wanaume watano, na hakuna hata mmoja anayepaka kucha.

Jumatano, yeye akiwa amepeleka omena Kisumu, nilienda Sindo na taa ndani ya mfuko, nimeshaitengeneza. Mwenyekiti wa ufuo ananijua. Nikamwambia nimeleta taa ya samaki wa ofisi. Akacheka mpaka akashika meza.

"Shemeji, hapa samaki tunakula. Nani ana muda wa kuwatazama?"

Karani wake mgeni, ambaye hanijui, akadakia, "Samaki wa kioo si wako kwa yule dada wa saluni, hapo nyuma ya mashine ya kusaga."

Mwenyekiti akaacha kucheka.

Nikaenda; saluni ni chumba cha mbele cha nyumba yake. Dada mwenyewe ni mdogo kwangu kwa miaka kama saba. Tangi lake ni kubwa kuliko letu. Nikajiita fundi wa taa anayezunguka kutafuta kazi. Akafurahi, akanipa kiti.

"Umekuja saa nzuri. Bwanangu alichukua taa ya hili tangi aende aitengeneze, mpaka leo."

Nikauliza ni nani aliyeiunda.

"Yeye mwenyewe. Huyo ana mikono, dada. Aliniambia alipiga hesabu ya volti siku mbili."

Admin, huyo mwanaume hawezi kuweka betri kwa rimoti bila kuniuliza upande wa kujumlisha ni upi.

Nikauliza kama bwana hukaa hapo kila siku. "Hapana, huja mbalamwezi ikiwa kali, maana hawavui. Alikuwa na bibi huko Uriri lakini waliachana kitambo."

Kumi toa tano. Nilipata jibu nikiwa nimeshika kikombe cha chai yake, na ilikuwa chai nzuri, hiyo pia iliniuma. Wivu ninao, sikatai. Namwonea wivu kwa kucha zake, kwa hizo siku tano, hata kwa fulu wake walionona. Lakini kinachoninyima usingizi ni kwamba alichukua kichwa changu na vidole vyangu, akavivaa kama shati, akaenda kupendwa navyo. Mimi hajawahi kuniambia nina mikono.

Sikumwambia mimi ni nani. Taa ilibaki kwa mfuko, nikampa namba yangu, nikarudi. Nyumbani nimenyamaza. Mume wangu amesema Jumamosi atakuwa Mbita kuona injini.

Jana yule dada ameniandikia: "Dada fundi, bwanangu yuko hapa Jumamosi. Njoo muonane, nyinyi watu wa taa mtaelewana."

Nimemjibu nitafika saa nne asubuhi. Hanijui, na sidhani ana kosa. Mlioolewa, na nyinyi mliowahi kukalia kiti cha yule dada, nisemezeni kabla ya Jumamosi. Nikiingia kwa ule mlango niwakute wote wawili, nianze kuongea na nani?