Kama Wanakuja

Florentin alikuwa na masikio ya kazi. Miaka ya vita alikaa Kindu, katika chumba cha nyuma cha tajiri mmoja wa dhahabu, akishika foni, ile redio ya kuitana, na kuandika kila kilichosemwa kutoka Kampene, Lubutu na kwingineko. Leo nywele zimekuwa nyeupe, na mezani kwake kuna seva ndogo inayotunza picha na sauti za ukoo mzima. Kila asubuhi, akishamaliza chai, hufungua daftari la seva, mahali mashine yenyewe inapoandika yanayoipata, akalisoma mstari kwa mstari. Majirani humcheka. Wacheke tu.

Mwezi ule daftari liliingiwa na wazimu. "Diski ya pili: joto limebadilika." Nusu dakika, tena hilohilo. Karibu mistari elfu tatu kwa siku, na Florentin akajitahidi kuisoma yote, jasho likimtoka.

"Papa, hii haina mambo," akasema binti yake Daniella, fundi wa kompyuta aliyekuja kumtembelea kutoka Goma. "Joto inapanda kidogo, inashuka kidogo. Niikate?"

"Hapana. Mwenye anarudilia iko na shida."

Daniella alijua maneno hayo yalikotoka. Asubuhi moja ya vita, sauti iliyokwaruzwa na mawimbi, huwezi kujua ni ya mwanamume au ya mwanamke, ilisema kwenye foni: "Kama wanakuja." Ikarudia. Florentin akaandika, akaacha nafasi, akingoja sentensi imalizike: kama wanakuja, basi nini? Mara ya kumi na tano akachoka, akashika kipaza sauti: "Weye mwenye unarudilia, malizia phrase yako ao unyamaze!" Kisha akazungusha kitufe cha kupunguza sauti ya spika mpaka ikapotea.

Siku ya tatu wakimbizi wakaingia mjini. Kumbe sentensi ilikuwa imekamilika tangu mwanzo. Kama ni jina la mahali, kule Pangi, ambako dada yake mdogo Élisabeth, aliyezoea kumwita Yaya, yaani kaka mkubwa, alikuwa ameolewa. Wenye silaha walikuwa wanakuja Kama. Élisabeth hakuonekana tena, wala Mwamba, mshika foni wa huko. Jambo hilo limemla Florentin miaka yote, na nani atamlaumu akiogopa kunyamazisha kitu tena?

"Sitaikata," Daniella akambembeleza. "Itaandikwa mara moja tu, na hesabu pembeni."

Akakubali shingo upande. Kurasa zikawa tupu ghafla, na katika utupu huo ukaonekana mstari mmoja, wa siku kumi na moja nyuma, uliokuwa umezikwa chini ya kelele: "Diski ya kwanza: sehemu hazisomeki."

Diski ya kwanza, hiyo iliyokuwa inaharibika, ndiyo iliyotunza sauti za kaseti za foni. Tajiri yule alikuwa amefunga rekoda kwenye waya wa redio, na asubuhi ile ilikuwa humo. Mwaka jana Daniella aliihamishia kwenye seva, kaseti yenyewe ikakatika. Florentin hakuwahi kuisikiliza. Moyo ulikataa.

"Tunaikopi sasa hivi, Papa. Lakini lazima tusikilize, tujue kama imefika muzima."

Spika ikakoroma. Kama wanakuja. Kama wanakuja. Kisha sauti yake mwenyewe ya ujana, kali, ikiamuru kunyamaza. Kikafuata kimya. Lakini rekoda ilikuwa kwenye waya, haikuwa na habari za kitufe, ikaendelea kunasa.

"Yaya Florentin, ni miye, Élisabeth. Mwamba alishakimbia. Uko unanisikia?"

Miaka yote Florentin alidhani sauti ile ni ya Mwamba. Swali likaja tena, vilevile, kwa upole, bila haraka, kana kwamba liliulizwa chumba cha pili. Daniella akanyoosha mkono aizime. Baba yake akaushika mkono huo, akainamia spika, na kila dada yake alipouliza, akajibu:

"Niko nakusikia, Élisabeth. Niko nakusikia."