Mwiba Ulioelekea Ndani

Harufu ya wino wa chuo cha Kurani haijanitoka puani hadi leo. Tuliutengeneza wenyewe, sisi watoto: makaa yaliyosagwa, gundi ya mgunga, na tone la maziwa ili ushike vizuri kwenye ubao. Jua lilipopanda na kuzipasha zile mbao, harufu ilienea boma zima, moshi na maziwa vimechanganyika, na mbuzi wakaja kulamba aya za Mungu kabla hatujazihifadhi. Hapo Maalim alizinduka usingizini akapiga kelele, na fimbo yake haikuchagua kati ya mbuzi na mtoto. Hii ilikuwa Balambala, karibu na mto Tana, kwa baba yake mama, mzee ambaye sote tulimwita Awowe, yaani babu. Baba yangu alikuwa amepeleka ngamia mbali upande wa Wajir kutafuta majani, maana mwaka huo mvua zilitukataa, na mama alituleta kwao tukae karibu na maji.

Wajukuu wangu wananiuliza siku hizi, Ayeyo, bibi yetu, mtu ajuaje kwamba hii ni dini na hili ni kundi tu la mtu mmoja aliyewateka wenzake? Wao wamesoma, wana majina marefu ya mambo hayo. Mimi shule yangu ilikuwa kile chuo cha mbuzi, na baadaye ngumbaru ukubwani. Sina majina marefu. Ninalo lango moja nililoliona utotoni, basi nawaeleza hilo.

Mtu wa mjini hajui lango la boma letu lilivyokuwa, ngoja niseme. Ua ni wa matawi ya miiba, mviringo, na pengo moja la kupitia. Jioni mifugo ikishaingia, unakata tawi kubwa la mgunga, unasimama ndani, unalishika kwenye shina na kulivuta mpaka lizibe pengo. Shina linabaki ndani, penye mkono wako. Miiba inaelekea nje, kwa fisi. Asubuhi aliye ndani anasukuma, anatoka. Mtoto wa miaka mitano anayajua haya kama anavyojua titi la mbuzi. Hakuna anayefundishwa.

Katika boma hilo alikuwepo mdogo wake mama, Dahabo. Sisi watoto tulimwita Habaryar, mama mdogo. Alikuwa mchekeshaji, na Maalim alimwogopa kuliko jua. Siku moja alisimama na kibuyu cha maji kichwani akamuuliza, "Maalim, mvua lini?"

"Mungu ndiye ajuaye."

"Na yule ng'ombe wa Awowe atapona?"

"Mungu ndiye ajuaye."

"Ala! Kila swali hujui. Basi watoto wetu unawafundisha nini?"

"Nawafundisha kusoma," Maalim akasema bila kuinua macho. "Kujua kuna mwenyewe. Nenda na maji yako, mwanamke, unawaharibia somo."

Tulicheka mpaka tukachapwa.

Kisha ukame ukaingia ndani ya nyumba. Habaryar alikuwa na mtoto mchanga aliyeachiwa na marehemu mumewe, na maziwa yake yakakauka, ya mbuzi yakakauka, na yule mtoto akaenda zake. Baada ya maziko alimwendea Maalim tena, mara hii bila mzaha, akamuuliza kwa nini. Maalim aliinamisha kichwa, kisha akajibu lile jibu lake. Mungu ndiye ajuaye. Nilikuwa pale. Lilikuwa jibu la kweli, lakini ukweli mkavu kwa mtu mwenye njaa ni kama ngozi isiyolainishwa: huwezi kuilalia. Laiti angekaa naye hata kidogo akalia naye. Hakujua kulia na watu. Alijua kusoma.

Wakati huohuo ndipo alipotokea yule mgeni. Jina lake silitaji, na hata ningelitaja lisingekuwa la kweli. Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, wenyeji wakaugua. Alikuwa na sauti laini na alilia akiswali. Alisema ameota ndoto, kwamba mvua itanyesha ndani ya ua wake peke yake, na walio nje watabaki na vumbi. Alipiga boma ng'ambo ya korongo kavu, na watu wakaanza kuhamia, kwanza mmoja, kisha familia nzima na mbuzi zao. Habaryar alipomuuliza lile swali lake, hakungoja hata apumue. Alimwambia mtoto amechukuliwa kwa dhambi za nyumba ya Awowe, na akikaa ndani ya ua hatapoteza mwingine. Jibu lote, limetimia, kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake. Kesho yake akahama.

Alipokwisha kuhama hakutuamkia tena. Tulikutana naye visimani, mama akamtolea salamu, naye akapita kama anapita kichuguu. Ilikuwa amri: walio nje hawasalimiwi, hata awe mama aliyekuzaa. Walio ndani hawaswali nyuma ya imamu mwingine. Maziwa ya nje hayanywewi. Awowe naye alipitwa hivyohivyo, akarudi kutoka visimani na uso umekunjamana, akasimama mbele ya wanaume msikitini na kusema hana binti aitwaye Dahabo. Maneno ya mzee mbele ya watu ni kama mate, hayarudi mdomoni.

Mama hakukubali. Alipata maziwa kidogo kwa jirani, akayatia kwenye kibuyu, akanishika mkono, tukavuka korongo mchana kweupe. Boma lilikuwa limefungwa. Mchana! Mifugo ikiwa malishoni! Mama akasimama ghafla, akalitazama lile tawi la langoni, na nikahisi vidole vyake vikibana vyangu. Shina lilikuwa nje. Kijana mmoja wa yule mgeni alikuwa amekaa juu yake na rungu mapajani. Miiba yote ilielekea ndani, kwa watu.

Habaryar akaja upande wa pili wa ua. Alikuwa amekonda, macho tu ndiyo yaliyobaki.

"Dahabo," mama akasema, "hebu tazama lango lenu. Shina liko wapi?"

"Ni la kutulinda."

"Kukulinda na nini? Tangu lini fisi akavuta mwiba kwa mkono? Sisi watoto wa wafugaji, Dahabo. Hata mbuzi angeona haya."

"Nenda, dada. Wewe huelewi."

"Sielewi, ndiyo. Shika maziwa."

"Ya nje hayo."

Alisema hivyo, lakini mimi mdogo macho yangu yalikuwa usawa wa kibuyu, nikaona alivyokitazama. Kijana wa rungu akakohoa. Habaryar akageuka akaenda.

Njiani mama hakulia, alizungumza peke yake kama mtu anayegombana na njia. Ninachojiuliza mpaka leo ni hiki: wote waliohamia kule walikuwa wafugaji kama sisi. Kila mmoja alipita kwenye lile pengo na kuona shina liko upande usio wake. Waliona, ila mtu akiambiwa kwamba fisi wako kila upande, haangalii tena miiba imeelekea wapi.

Mvua ilinyesha. Ilinyesha kwa yule mgeni na kwetu, ikanyesha hata kwa mwizi wa mbuzi aliyekuwa haswali Ijumaa wala Idi. Mgeni alipoona hivyo akakusanya mifugo aliyotolewa na wafuasi wake, akaondoka na vijana wake, na lile boma likabaki na watu waliokaa ndani wakisubiri mtu wa kuwafungulia.

Asubuhi moja, matope bado mabichi, Habaryar alikuja kusimama langoni kwetu. Hakuita. Niliona miguu yake kwa chini ya miiba. Mama akakimbia kulisukuma tawi, na Awowe akaweka mguu wake juu ya shina.

"Mkono utakaosukuma hapa," akasema, "utoke pamoja naye."

Mama akapiga magoti, akamshika miguu. Mzee hakusogea. Habaryar naye akakaa chini palepale kwenye matope. Ndipo Maalim akafika kufungua chuo, akamkuta, akasimama karibu yake na kuita kwa juu ya ua.

"Mzee, lango hili umemfungia fisi gani?"

"Maalim, hii ni nyumba yangu."

"Ni kweli. Na yule wa ng'ambo alisema hivyohivyo."

Awowe alikaa juu ya shina lake asubuhi yote, akizungusha tasbihi bila kusoma kitu, nikiona midomo yake imefungwa. Jua lilipopinduka aliinuka, akalisukuma lile tawi mwenyewe kwa mikono yake ya kizee, likakwaruza ardhi kwa kishindo. Nje hapakuwa na mtu. Palikuwa na nyayo zinazoelekea kusini, na pahali alipokaa, matope yameanza kukauka kwa umbo lake.

Miaka ikapita, tukasikia kwa wafanyabiashara wa ng'ombe kwamba aliolewa tena upande wa Sangailu, kisha tukasikia amekufa. Awowe tangu siku ile hakufunga lango mchana wala usiku. Fisi walimla mbuzi baada ya mbuzi, na hakuna aliyethubutu kumwambia kitu.

Sasa nakaa Garissa mjini, nyumba ya mawe, geti la chuma. Mjukuu wangu Ifrah, msichana mwenye akili kuliko sote, amefuata mtu mmoja kwenye simu mwenye jibu la kila kitu. Kwanza aliacha kula kwetu. Kisha akaacha kumwamkia mama yake. Mwezi uliopita akahamia kwa wenzake, hatujui nyumba gani. Wanasema majuto ni mjukuu. Sikudhani atakuja kwa sura hii. Mwanangu, baba yake Ifrah, alisimama sebuleni akasema atabadilisha kufuli, na kwamba hana binti.

Nikamwambia, "Kaa chini. Maneno hayo nimeyasikia kabla hujazaliwa, na ndiyo yaliyomzika mama yangu mdogo."

Wajukuu wanataka niwape tofauti kwa maneno machache. Haya: tazama shina liko upande gani. Penye dini, utaingia na utatoka, na utaamkiwa ukiwa nje. Na tazama kwako pia, kwa sababu ua wa watu wema nao hugeuzwa kwa usiku mmoja wa hasira.

Kufuli la geti nimelitoa, liko jikoni kwenye sufuria mbovu. Mwanangu analalamika kuhusu wezi. Mkeka wangu nimeutandika karibu na geti, na kila alfajiri nikisikia nyayo huwa ni mama wa maziwa tu. Hata hivyo nafungua kabla hajabisha.