Kanga niliyomvalia mgombea imekigawa chama cha mume wangu

...basi admin, kama nilivyokueleza jana, kosa ni la kanga yangu, ila jina nifichie. Nina miaka ishirini na minne, nimeishia kidato cha nne, naishi Makorora na mume wangu. Ndoa ina miezi miwili. Jamani, nampenda. Akikohoa tu chumba cha pili, natabasamu.

Mume wangu aliomba ubunge kwenye kura za maoni za chama chake. Akashindwa na mwanamke ambaye zamani nusura amuoe. Hadi leo humwita "Bi Mkubwa" kwa utani. Sasa mimi mkewe ni bi mdogo?

Wazee wa chama wakaagiza makundi yavunjwe, maana uchaguzi uliopita walionuna hawakwenda kupiga kura, jimbo likachukuliwa na wapinzani. Mume wangu akatakiwa apande jukwaani Pongwe, amshike mkono yule mwanamke, amwombee kura. Wivu ukanikaba. Nikanunua kanga iliyoandikwa "Mkono umepewa, moyo hupewi", nikajifunga, nikakaa mstari wa mbele. Wallahi nilimlenga yule mwanamke peke yake.

Wanawake wa kundi la mume wangu wakaisoma vingine.

"Shoga, mke mwenyewe kashasema," nikasikia nyuma yangu. "Mkono ni wa jukwaani. Kura hatumpi."

Mkutano uliofuata, wakaja wamejifunga kanga ileile. Mgombea alipoanza kuzungumza, wakainuka wakaondoka. Wazee wakamwita mume wangu msaliti. Aliporudi akaniuliza taratibu, "Mke wangu, nani alikutuma?"

Nikamjibu, "Niliipenda rangi tu."

Nikiwaambia wale wanawake kwamba ulikuwa wivu, mji mzima utanicheka, na mume wangu atajua simwamini. Nikinyamaza, jimbo litapotea na lawama atabeba yeye, mpenzi wangu asiye na kosa. Nishaurini ndugu zangu, niseme au nimeze? Nijibuni mapema, kwa sababu jana mgombea mwenyewe alinipigia simu.

"Mdogo wangu, kanga yako niliisoma, nikajua ni yangu. Hao wenzako hawajui kusoma."

Akacheka kidogo.

"Nipikie wali wa nazi. Mwezi huu hauishi sijafika kwako, na nitakuja nimejifunga hiyohiyo."