Nukta Yetu kwenye Ramani

Nilikuwa nikikadiria ukubwa wa mtandao wa sarafu za kidijitali. Programu yangu iliuliza kila kompyuta inazijua zipi nyingine, kisha ikaweka nukta ya kila moja kwenye ramani ya dunia. Mama, aliyekuwa mgonjwa na aliyekataa chakula tangu jana, alitazama akiwa kitandani.

"Na siye tuko wapi, mutoto yangu?"

Nikamweleza kwamba kompyuta yetu imo mtandaoni, ila imefungwa isipigiwe hodi na kompyuta za nje, na zilizofungwa hivyo hazihesabiki.

"Basi fungula yetu."

Nikaifungua. Ramani hukisia tu mahali, kwa hiyo nukta yetu ilitokea Luano, kwenye uwanja wa ndege, mbali na nyumba yetu ya Kasapa.

"Banatupandisha ndeke!" Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaomba bukari, ugali wetu wa kila siku, akala.