Punda Aliyesimama Katikati ya Lami

Watu wa kijiji cha mama mkubwa huniita bibi mifugo, ingawa kituo changu cha kazi kiko mjini na nimepanga chumba mtaa wa Mabawa. Mama mkubwa ni dada wa mama yangu, naye ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili. Kila nilipokwenda kumsalimia, majirani walikuja na habari za kuku wanaokohoa na mbuzi waliotupa mimba. Mimi nilijibu, na mama mkubwa alisogeza kigoda chake karibu ili lisimpite neno.

Yeye na mumewe, baba mkubwa, waliishi kwa minazi. Shamba lilikuwa nyuma ya kijiji, na nazi zilifikishwa kando ya barabara ya Pangani na punda mmoja jike wa kijivu, mwenye sikio lililochanika. Alikuwa na nguvu na hakuwa mvivu. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kuogopa injini. Bodaboda ikitokea aliruka, shogi, ule mfuko wa mgongoni, likapinduka, nazi zikaviringika hadi mtaroni, naye akatimkia shambani. Baba mkubwa alimchapa fimbo. Kadiri alivyomchapa ndivyo hofu ilivyozidi, maana sasa mlio wa pikipiki ulikuja pamoja na maumivu.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya kufunza wanyama kwa njia za kisayansi. Msingi wake ni mwepesi kuueleza. Tendo linaloleta kitu kizuri mnyama hulirudia, na lisiloleta kitu hufifia lenyewe. Unatumia mlio mmoja mfupi kumwambia mnyama, hapo hapo ulipofanya hivyo ndipo ulipopatia, kisha unampa tuzo. Unakwenda hatua kwa hatua, wala hupigi. Mwalimu wetu, mama mmoja mpole aliyewahi kufunza ng'ombe hadi wakajipanga wenyewe kwenda kukamuliwa, alituonya mara nyingi kwamba mnyama hajifunzi lile tunalokusudia, hujifunza lile lililotuzwa. Nililiandika neno hilo kwenye daftari na kulipigia mstari.

Nilichukua likizo ya wiki mbili nikaenda kwa mama mkubwa. Siku ya kwanza nilimkuta baba mkubwa kando ya barabara, penye lundo la nazi, wanunuzi na majirani wamemzunguka. Punda alikuwa ameshtuka tena, na mzee alikuwa ameinua fimbo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha nikamwambia mbele ya wote, "Baba mkubwa, fimbo ni ya mtu asiyejua kutumia akili."

Watu walicheka. Baba mkubwa akashusha mkono. Aliiegemeza fimbo kwenye mnazi, na tangu siku ile sikumwona nayo tena. Wakati ule nilihesabu kuwa ni ushindi wangu wa kwanza.

Nilianza kazi kwa kifuniko cha chupa ya jemu, kile cha bati ambacho ukikibonyeza katikati hulia tak. Nilikibonyeza, nikampa punda kipande cha muhogo. Kufikia jioni alikuwa akisikia tak anatega masikio na kunigeuzia shingo. Kesho yake nikamwomba kijana mmoja wa bodaboda asimamishe pikipiki mbali, injini imezimwa. Punda aliitazama akatulia. Tak, muhogo. Kisha injini ikawashwa. Kisha pikipiki ikasogea, ikapita, ikapita karibu zaidi, ikapiga honi. Kila aliposimama bila kuruka nilimtuza. Kila alipotishika tulirudi nyuma hatua moja, hatukumlazimisha.

Siku ya kumi na mbili lilipita lori la mchanga. Punda alilisikia tangu mbali. Akasimama pale pale alipokuwa, akakita miguu yote minne, akageuza shingo kunitafuta. Hakuna nazi iliyoanguka. Mama mkubwa aliyaona hayo akiwa mlangoni, akashika mdomo. Jioni ile alizunguka nyumba tatu akisimulia kwamba mwanawe amemtoa punda woga bila kumgusa.

Kulikuwa na hatua iliyobaki. Tulifundishwa kwamba tabia mpya lazima iwekewe mipaka yake. Punda alipaswa kujua kuwa tuzo iko pembeni ya barabara tu, akiwa na kamba shingoni na mtu ubavuni, na kwamba katikati ya lami hakuna kitu. Kazi hiyo ingechukua wiki nyingine, na likizo yangu ilikuwa inakwisha. Ningeweza kurudi mwisho wa wiki. Ningeweza angalau kumweleza baba mkubwa. Badala yake niliandika kwenye daftari "imekamilika," nikarudi mjini.

Wiki tatu baadaye, asubuhi nikiwa kazini, mama mkubwa alinipigia simu akilia. Nilipofika, punda alikuwa ameshavutwa hadi kwenye nyasi na kufunikwa makuti. Dereva wa lori lililomgonga hakuwa amekimbia. Alikuwa ameketi chini, akimweleza kila aliyefika. Nami akanieleza.

"Nilipiga honi tangu kule kwenye kona," alisema. "Nilijua atakimbia, punda wote hukimbia. Huyu alisimama. Akageuza shingo kama anayengoja kupewa kitu."

Nilielewa papo hapo. Kifuniko cha jemu kilikuwa ndani ya mkoba wangu, begani.

Mama mkubwa alikuwa akimgombeza mumewe. Usiku uliotangulia baba mkubwa ndiye aliyemfunga punda, na kamba imekutwa chini, fundo limefunguka. Mama mkubwa alimwambia kwamba amekuwa akimkumbusha siku zote afunge mara mbili. Baba mkubwa alisimama na kofia yake mkononi, akasema ndiyo, kosa ni lake. Hakuna aliyekumbuka kwamba punda yule alizoea kuichomoa kamba tangu zamani, na kwamba miaka yote hiyo alikuwa akifika barabarani, anasikia gari, anakimbia kurudi nyumbani. Woga wake ndio uliokuwa ukimrudisha. Mimi nilikumbuka.

Mama mkubwa akanigeukia. "Wewe ndiye uliyesomea. Unasemaje?"

Watu wakasogea kunisikiliza. Nikasema, "Kamba ingefungwa vizuri, haya yasingetokea."

Maneno hayo yalikuwa kweli, na ndiyo maana yalinitoka kwa urahisi. Baba mkubwa alinitazama mara moja tu, kisha akavaa kofia yake akaenda kutafuta jembe.

Tangu hapo alibeba nazi kwa baiskeli. Zilikuwa nyingi kiasi kwamba hakuweza kuipanda, alikuwa akiisukuma, amejiinamia. Kijijini walimtania kwa habari ya kamba, akitaka kufunga mzigo wa mtu wanamwambia aache, watafunga wenyewe. Alicheka pamoja nao. Mimi niliendelea kuitwa kwenye semina kueleza jinsi mnyama anavyofunzwa bila fimbo, na mara mbili nilitoa mfano wa punda aliyeacha kuogopa lori. Sikusema alivyokufa.

Sikukuu ya Idi nilikwenda kula nao. Baba mkubwa alifunga mbuzi kwenye mpera, akaingia ndani kutawadha. Mama mkubwa akanyanyuka, akalifungua lile fundo, akalifunga upya, akarudi kukuna nazi. Alifanya hivyo kama mtu aliyezoea. Nilimuuliza, akajibu kwamba siku hizi ndivyo anavyofanya kwa kila anachofunga yule mzee.

Kesho yake nilimfuata baba mkubwa shambani. Alikuwa akifua nazi kwenye kifuo, mshale ule wa chuma uliosimikwa ardhini. Nilimweleza yote, tangu lile neno "imekamilika" hadi jibu nililotoa mbele ya watu. Hakuacha kufua. Nilipomaliza alisema, "Nilijua."

Akaniambia kwamba siku mbili kabla ya ajali alimwona punda amesimama mbele ya bodaboda, mwenye pikipiki akamkwepa kwa bahati. Nikamuuliza kwa nini hakunipigia simu.

"Nilitaka," alisema. "Nikaona utadhani natetea fimbo yangu."

Nilikaa chini juu ya makumbi ya nazi. Yeye akafua nazi mbili tatu, kisha akaniomba nisimwambie mama mkubwa. Alisema yule mama hana kingine cha kujivunia duniani zaidi yangu, nimwachie. Yeye hadhuriki, ameshazeeka.

Nilikubali, na nilikubali upesi. Hata leo nikilikumbuka lile "sawa, Baba" lililonitoka, nasikia haya kuliko nikimkumbuka punda aliyelala chini ya makuti. Mzee alikuwa amenipa njia, nami nikaipita bila hata kusitasita kwa adabu.

Ilichukua miezi saba kabla sijaivunja ahadi hiyo. Nilikwenda siku ya kawaida, nikamkuta mama mkubwa peke yake uani anachambua mchele. Nikasema. Alisikiliza huku vidole vikiendelea kuchambua.

"Na yeye alijua?" akauliza.

"Alijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile ya ajali."

Aliuweka ungo chini. Hakunipa pole wala hakunilaani. Alisema taratibu, "Na mimi muda wote huu nafungua mafundo yake." Kisha akaniambia kwamba mwenye nyumba hii nilimwaibisha mbele ya watu, kwa hiyo nikaseme mbele ya watu.

Nilikwenda kando ya barabara wakati wanunuzi wapo, nikasema. Sikuongeza wala sikupunguza. Wengine walitazama chini, mmoja akauliza kama basi mafunzo yale ni ya uongo. Nikamjibu kuwa mafunzo ni ya kweli, mimi ndiye niliyeyaacha njiani. Baba mkubwa hakufurahi hata kidogo. Aliinamisha uso kana kwamba anayeumbuliwa ni yeye, akashughulika na mnyororo wa baiskeli hadi nilipomaliza.

Mama mkubwa alibaki akinisemesha kwa ufupi kwa muda mrefu. Kigoda chake hakukisogeza tena. Lakini mzee akifunga mbuzi, hakuna anayekwenda nyuma yake.

Mwaka huu wamepata punda mwingine, dume bado dogo. Sikujitolea kumfunza, nao hawakuniomba. Mwezi uliopita nilimkuta baba mkubwa na punda huyo kando ya lami, kamba mkononi, vipande vya muhogo mfukoni. Nilimwamkia nikataka kupita. Akaniita.

"Ulisema anatuzwa lini," akauliza, "akishasimama, au akishatoka barabarani?"

"Akishatoka," nikasema, nikiangalia kwato za punda. "Akishatoka kabisa, awe kwenye nyasi."

Akatikisa kichwa kukubali. Gari lilikuwa linakuja kutoka upande wa mjini, naye akaanza kumvuta punda polepole kuelekea pembeni.