Mnyororo wa Kaka Ismaili

Tangu kaka yangu Ismaili azikwe, maneno "ajali haina kinga" yameingia nyumbani kwetu Ujiji mara nyingi kuliko salamu. Anayeingia huyasema akivua viatu, anayetoka huyasema akivitafuta. Mimi, Mwanaima, mdogo wake wa tumbo moja, nilikuwa nikiyasikia nimekaa ndani na wanawake wenzangu, nikiitikia kwa adabu huku moyo unachemka. Sina ugomvi na kadari. Siku ya kaka iliandikwa na aliyemuumba. Ugomvi wangu ni na mtu anayetia mkono wake katika jambo, kisha akaufuta kwa jina la Mungu.

Ismaili alikuwa mbeba injini. Alikuwa na pikapu kuukuu na tela dogo la magurudumu mawili alilolichomelea mwenyewe. Mtu akinunua injini ya gari iliyotumika, aifunge kwenye boti lake la mbao la kwenda Kagunga, alimtafuta Ismaili aifikishe mwaloni Kibirizi, kwenye maegesho ya boti. Wengine walikuwa na matela makubwa kuliko lake, lakini watu walimngoja yeye.

"Injini si gunia la dagaa," alizoea kusema. "Gunia likianguka utaliokota. Injini ikianguka, utaokotwa wewe."

Kwanza alimwaga oili. Kisha aliikalisha injini kwenye kitanda cha mbao nzito, ili uzito usilalie sampo, lile bakuli la chini ambalo hupasuka upesi. Aliiweka mbele kidogo ya ekseli ya tela, wala hakukubali isogee nyuma. Alisema uzito ukikaa nyuma, tela huanza kutikisa mkia, na tela likitikisa mkia ndilo linaloendesha gari, si dereva. Halafu ukaja mnyororo. Aliupitisha kwenye masikio ya chuma ya kunyanyulia injini, akauvuta pembe zote nne za tela, akaukaza mpaka ukalia. Kwenye mabomba na mikanda hakufunga kamwe. Akishaondoka, mwendo mfupi tu mbele alisimama, akashuka, akaukaza tena, kwa sababu mzigo ukitikiswa na barabara hujiketisha upya na mnyororo hulegea.

Vijana wa gereji walimcheka. "Mzee, unafunga injini au unafunga ndoa?"

"Ndoa mnafunga ninyi," aliwajibu, "ndiyo maana zinafunguka."

Na akiwa na wasaa aliwakumbusha tulichofundishwa madrasa tukiwa wadogo, kwamba Mtume alimwambia yule bedui amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mungu. "Sasa hapa Ujiji hakuna ngamia," alisema, "Mola akanipa injini." Basi mji mzima ukaziita injini zake ngamia. Mtu hupiga simu: "Mzee Ismaili, nina ngamia wangu Mwandiga, lini unakuja kumchukua?"

Ndivyo alivyopiga simu Mrisho, mwenye boti, mtu aliyekula kwetu Idi mbili zilizopita. Kaka akaenda Mwandiga. Alasiri tukaletewa habari kwamba kwenye mteremko wa kurudi mjini tela lilimshinda, likaipindua pikapu, naye amekufa palepale. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Hilo tulilipokea. Lililonichoma lilikuja makaburini. Nilisikia kwa wanaume waliorudi kwamba Mrisho alisimama kwenye vumbi la kaburi bichi akasema, "Mzee alikuwa amechoka. Uzee huo. Pengine alisahau kufunga. Tumsamehe, ajali haina kinga."

Alisahau kufunga! Kaka yangu hakuacha nyumba ya ghorofa wala shamba la michikichi. Aliacha jina, na jina lenyewe lilikuwa la kufunga tu. Na hilo nalo Mrisho akalifukia pamoja naye. Kufikia kesho yake wanawake waliniambia kwa huruma, "Pole, dada, wazee husahau." Nikajiuliza, mbona huyu mzee hakusahau sala hata moja, asahau mnyororo?

Kisha waliokwenda kuivuta pikapu walituletea vitu vyake katika gunia lake la spana. Nilikuta kofia yake, spana zake, na chini kabisa mnyororo. Ulikuwa umekunjwa vizuri, mkavu, mzima, hauna pingili iliyovunjika wala iliyonyooka. Nilikaa nao mapajani muda mrefu. Mnyororo uliokatika huachwa barabarani. Uliosahauliwa hubaki umening'inia kwenye msumari hapa ukumbini, maana hapo ndipo alipouchukua asubuhi ile nikimwona. Na kaka hakuukunja kamwe mzigo ukiwa telani. Huu ulikuwa umefungwa, kisha mtu akaufungua.

Jibu aliniletea Recho, mwanamke wa Kiha anayeuza uji na mihogo mbele ya gereji ya Mwandiga. Si jamaa yetu wala hasali na sisi, lakini alikuja na kitenge chake kiunoni akalia kama amefiwa yeye.

"Mawe!" aliguta, akimlilia mama kwa Kiha chao. "Mama Mwanaima, yule mzee alifunga. Nilimwona. Akala uji wangu, akaenda kusali adhuhuri. Ile kuingia tu msikitini, Mrisho akaja na magunia ya maharage."

"Maharage?"

"Yake mwenyewe, alitaka yapande humohumo. Hayakutosha. Akafungua mnyororo, wakaisukuma injini nyuma, maharage yakakaa mbele. Mnyororo haukufika tena. Akautia kwenye gunia la spana za mzee, akaufungia mzigo kamba ya manila. Mvua ikaanza kunyunya, akafunika turubai. Mzee akarudi akamuuliza, 'Hamjagusa kitu?' Yule bwana akasema, 'Wallahi kaka, nimefunika tu injini isilowe.' Kisha akapanda bodaboda akatangulia. Nami niliogopa kuingilia mambo ya wanaume, nikanyamaza."

"Na kaka alisemaje?"

"Alisema, 'Haya, nitakaza pale mbele.'"

Pale mbele hakufika. Wapo walioniambia baadaye kwamba angefunua aangalie. Angefunua! Mtu mzima amekuapia kwa Mungu, anakuita kaka, mvua inanyesha, nawe umfunulie turubai usoni kama mwizi? Kaka alikuwa mwangalifu na chuma. Kwa watu alikuwa anaamini.

Siku ya kuanua tanga, wanaume walikaa nje jamvini, shehe akasoma, dua ikaombwa. Mrisho alikuwepo, kanzu nyeupe, amekuja na mchele. Nikamsikia kupitia dirishani akimwambia mgeni kutoka Simbo, kwa ile sauti yake ya pole, "Ndiyo hivyo, ndugu yangu, ajali haina kinga."

Sikumbuki nilivyoinuka. Najua shangazi alinishika kanga akasema, "Mwanaima, huko ni kwa wanaume," nami nikaiacha kanga mkononi mwake nikachukua nyingine mlangoni. Nilitoka na mnyororo mabegani, mzito kama mtoto. Nikafika mbele ya Mrisho nikauangusha jamvini. Vikombe vya kahawa viliruka.

"Kinga hii hapa," nikasema. "Ilitoka Mwandiga imekunjwa ndani ya gunia. Tuambie nani aliikunja."

"Dada, msiba umekuzidi."

"Umenizidi, ndiyo. Tuambie."

Akacheka kidogo, akawatazama wenzake wacheke naye. Hakuna aliyecheka. Shehe, mtu mzima wa maneno machache, akamwinamia. "Mrisho, hapa tumetoka kumwombea maiti. Uliugusa mnyororo huu au hukuugusa?"

Mrisho akasema, akitazama mikono yake, "Niliulegeza tu. Magunia yapate nafasi. Sikujua."

"Hukujua," nikasema, "lakini ulijua kusema alisahau."

Mgeni wa Simbo alisimama akasogea mbali naye. Mzee mmoja aliyekuwa ameyarudia yale maneno ya uzee siku ya mazishi akajifunika uso. Mrisho alilia, na shehe akanigeukia akaniambia kusamehe ni bora. Nilimjibu kwamba najua, na ninaomba usiku na mchana nijaliwe. Lakini Mrisho alilisema lile la kusahau makaburini, mwaloni, gerejini. Arudi kote huko aseme na hili. Shehe akasema, "Ni haki."

Kwa kweli alikwenda. Niliambiwa na waliomsikia.

Injini yenyewe ilikuwa bado kwenye mtaro wa barabara, imekataliwa na kila mwenye tela. Mrisho akatuma mtu kwangu kuuazima mnyororo. Shangazi alitema mate. Mimi usiku kucha nilitaka kukataa, na asubuhi nikaona watoto wa shule wanateremka barabara ileile. Kama injini ile ingefungwa manila tena, ingemuua nani?

Sikuuazimisha. Niliupeleka mwenyewe. Nilisimama kando ya mtaro, Recho ubavuni mwangu na sufuria yake kichwani, mpaka Mrisho na vijana aliokuja nao wakaikalisha ile injini kwenye tela la kuazima, juu ya mbao, mbele ya ekseli, bila gunia hata moja. Nikamwambia Mrisho ashike mnyororo yeye, kwa mikono yake. Akaupitisha kwenye masikio ya chuma, pembe nne. Akajifuta jasho, akanitazama kwa unyenyekevu.

"Basi, dada. Mungu akipenda tutafika salama."

"Kaza," nikamwambia.

Akakaza.

"Kaza tena."